Maziwa ya Jirani

Homa ya tifoide ilinitoboa utumbo, nikapasuliwa hospitalini hapa Baraka, mji wetu wa kando ya ziwa. Daktari alikata sehemu iliyooza, akaunga iliyobaki. Nilirudi kufundisha darasa la tatu nikidhani yamekwisha.

Baada ya miezi mitatu tumbo likaanza kuvimba kila nilipokula. Nikaharisha, nikakonda mpaka saa ya mkononi ikawa inateleza hadi kwenye kiwiko. Siku moja mama mkwe akasema mbele ya mume wangu, "Huyu bamemupa sumu. Zamani, mbele ya kunywa maziwa ya ule mama, hakukuwa vile."

Yule mama alikuwa jirani yetu, mjane aliyeshuka kutoka milimani wakati wa vita, akituuzia maziwa. Nilipotoka hospitali ndiye aliyenifulia nguo wiki nzima, maana ndugu zangu wako Ubwari, safari ya mtumbwi, na ziwa lilikuwa limechafuka.

Mume wangu aliniuliza, "Na we unasema nini?"

Nilikuwa nimechoka. Nilitaka tu waache kuongea. Nikasema, "Sijui."

Neno hilo liliwatosha. Asubuhi watu walikwenda mlangoni kwake, wakamwaga maziwa yake barabarani. Aliniangalia nilivyokaa uani kwenye kiti changu, akafunga godoro lake, akaondoka.

Maziwa yakaisha, maumivu yakabaki. Nikarudi kwa daktari.

"Mwalimu, mu tumbo ya kila muntu muko vijidudu, vizuri na vibaya," aliniambia. "Pale tuliunga, chakula inakawia. Vile vibaya vinazidi hapo, utumbo inavimba. Hakuna muntu alikupa kitu."

Akaniandikia vidonge. Wiki mbili hazijaisha, nikawa nakula ugali na kushiba.

Nilipomweleza mama mkwe, alisema, "Daktari naye hajue yote," akaendelea kutwanga sombe, yale majani ya muhogo. Mume wangu alisema yamepita. Nilikwenda mpaka Mboko, mji ulio kwenye barabara ya Uvira, kumtafuta yule mama, nikauliza sokoni, nikaambiwa alipanda gari la Uvira. Zaidi ya hapo hakuna aliyejua.

Tumbo bado huvimba mara kwa mara. Nameza vidonge, linatulia. Mtaani wanaamini nilipona kwa sababu alifukuzwa. Nilipoitwa kanisani kutoa ushuhuda wa kupona kwangu, nilisimama nikasema hakukuwa na sumu, ni vijidudu vya tumbo langu mwenyewe, na tulimfukuza mtu bure. Wakaitika amina, wakaanza kuimba.