Daftari Aliloombwa Bauro

Bauro alikuwa mtu mpole mpaka umtajie chelezo. Hapo mishipa ya shingo ilimsimama, na kama alikuwa anakula, chakula kilimshinda.

Kwa miaka kumi na tisa kazi yake ilikuwa kupanda meli za wageni na kutazama. Hakuvua, hakupika, hakushika usukani. Alitazama, akaandika. Nchi zetu za visiwa zilikubaliana kwamba meli kubwa inayofuata jodari katika maji yetu itabeba mwangalizi, na atakachokiandika huyo kitasimama mbele ya nchi zote. Mabaharia walimpenda kama wanavyopenda mende kwenye wali. Walimlaza karibu na injini, wakamwita paka wa serikali, nahodha mmoja akamsusia salamu miezi miwili. Bauro aliyameza yote. Chelezo ndicho kilichomkaba kooni.

Chelezo chenyewe ni mianzi na nyavu kuukuu zilizofungwa pamoja, zikaachwa zielee na kifaa cha kuiambia meli ziko wapi. Chini yake samaki hujikusanya, na wengi ni jodari wachanga ambao hawajataga hata mara moja. Kwa hiyo nchi zikakubaliana: miezi mitatu kila mwaka, hakuna kuzungushia chelezo wavu. Miezi mitatu tu! Anayeshindwa kungoja miezi mitatu si mvuvi, ni mwizi mwenye meli.

Na nahodha wa meli ya bluu, ile Bauro aliyoipanda safari hiyo, alishindwa. Katikati ya mwezi wa pili wa marufuku, jua likichomoza, Bauro alisimama sitahani akaona wavu ukikizunguka chelezo. Walipouvuta, walipandisha jodari wasiozidi urefu wa mkono wa mtoto, tani kwa tani. Wadogo mno waliwatupa baharini kwa makoleo, wamekwisha kufa. Bauro alipiga picha, na kabla ya chakula cha mchana kamera ikatoweka chumbani mwake. Daftari alikuwa amelichomeka kiunoni, ndani ya shati. Alilala nalo siku kumi na moja mpaka wakaingia Tarawa, bandari yetu.

Zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya shauri. Wajumbe watatu wa nchi jirani walikuwa wamefika kusikiliza mashtaka dhidi ya meli, ili majina ya zilizovunja sheria yapelekwe kwenye kikao kikuu, yaandikwe kwenye orodha ya meli zilizopigwa marufuku. Meli ikiingia kwenye orodha ile, hakuna bandari ya kwetu itakayoipokea. Daftari la Bauro ndilo lingeiingiza meli ya bluu. Alikwenda kulikabidhi ofisi ya uvuvi, akakuta imefungwa, watu wote wako mazikoni kwa siku mbili. Akarudi nalo nyumbani.

Kesho yake alasiri akaja Uriam, mume wa dada yake Riteti. Uriam alikuwa baharia wa meli ile ile ya bluu, mcheshi asiyefunga mdomo.

"Shemeji, mbona umekonda hivyo? Wageni walikulisha upepo?"

"Walinilisha harufu yako, tulikuwa meli moja."

Wakacheka. Bauro akamkaribisha kwenye mkeka wa mkadi, wakala shelisheli la kuchoma na samaki wa kopo. Ndiyo, wa kopo! Sisi ambao bahari inatuzunguka pande zote tunakula samaki waliosafiri zaidi ya mabaharia wetu. Uriam alifuta vidole, akakunja miguu vizuri, akainamisha macho. Bauro akajua kabla hajasikia.

"Shemeji, nimekuja na bubuti."

Bubuti ni ombi, lakini si ombi la kuombana chumvi. Ndugu akikujia nalo, akala kwako, akalitamka, huna njia ya kukataa. Mtu ameombwa baiskeli aliyoinunua jana, akaitoa. Anayekataa hatukanwi na yeyote. Huachwa tu, yeye na aibu yake, na watoto wake wanairithi.

"Naomba daftari lako la safari."

Bauro alikisukuma kikombe chake cha chai kando.

"Nani kakufundisha kuomba hilo, Uriam?"

"Shemeji, usiniulize. Tuko sita wa hapa kwenye ile meli. Nahodha kasema anataka kulisoma tu."

"Wewe unaamini anataka kulisoma?"

Bauro akainuka, akaingia ndani, akalitoa, akampa kwa mikono miwili kama inavyotakiwa. Mkewe aliyekuwa akisuka nje alisikia yote, wala hakumlaumu. Angefanya vivyo hivyo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo: nahodha yule alikuwa ameishi kwenye maji yetu miaka kumi na tano, hakujifunza kula magimbi yetu wala kukaa chini kwenye mkeka, ila neno moja hilo alijifunza barabara.

Siku ya shauri walikaa ndani ya maneaba, ukumbi wetu wa mikutano, wazi pande zote. Mwenyekiti alikuwa mama wa Visiwa vya Solomon, mwenye miwani iliyoning'inia kwenye uzi. Wakili wa meli aliuliza kwa upole ushahidi uko wapi. Bauro akasema daftari hana.

"Limepotea?"

"Nimelitoa."

"Kwa nini ulitoe?"

"Niliombwa."

"Uliombwa?" Wakili aliwageukia wenzake. "Mwangalizi wa nchi zote, anatoa ushahidi kwa sababu ameombwa! Ningeomba na suruali, angenipa?"

Wageni wakacheka. Wenyeji waliangalia mikeka. Nahodha, aliyekuwa safu ya nyuma, aliinamisha kichwa akamwambia Bauro, "Ko rabwa." Asante, kwa lugha yetu! Damu ilimpanda Bauro mpaka masikio yakalia. Alitamani kumvunja meno hapo hapo, mbele ya wajumbe na bendera zao. Mama mwenyekiti akavua miwani, akasema wanapumzika mpaka saa nane, na kama hakuna ushahidi mwingine shauri linafutwa.

Bauro alitembea kwa miguu mpaka kwa Uriam, jua la saa sita likimchoma utosini. Alimkuta anakula na Riteti. Kwenye msumari ukutani palining'inia koti jipya la msimamizi wa wavu, cheo kipya cha Uriam. Wakamkaribisha. Bauro, aliyekuwa amejaa ghadhabu, alikaa, akala matonge matatu, akanywa maji, akafuta vidole. Kisha akakunja miguu.

Uriam alisimamisha tonge njiani.

"Shemeji, hapana. Usifanye hivyo."

"Nimekuja na bubuti."

"Lile daftari nahodha kalichoma. Nilimwona mwenyewe. Siwezi kukurudishia!"

"Sitaki daftari. Naomba mdomo wako, saa nane, kwenye maneaba."

"Watanifukuza."

"Najua."

"Na wale watano je? Wana watoto, Bauro!"

"Najua, Uriam. Unadhani sijui? Na wewe ulijua ulipokuja kwangu."

Riteti aliinuka, akaenda kwenye msumari, akalishusha koti jipya, akalikunja na kuliweka kando. Akamletea mumewe shati la kanisani.

Saa nane Uriam alisimama mbele ya mama wa Solomon. Kwa mara ya kwanza maishani hakutania. Alisema yeye ndiye aliyekuwa kwenye mashua ndogo, yeye ndiye aliyefunga kamba kwenye chelezo, akataja tarehe, akataja saa, akaeleza samaki walikuwa wa ukubwa gani kwa kuonyesha kwenye mkono wake mwenyewe. Akaeleza na daftari lilivyoungua. Wakili akaruka.

"Nani aliyekununua useme haya?"

"Hakuna aliyeninunua. Niliombwa."

Safari hii hakuna aliyecheka. Mama yule alivaa miwani yake, akaandika muda mrefu. Meli ya bluu iliingia kwenye orodha mwaka ule ule, na bandari zote za kwetu zikaifungia mlango. Nahodha, nasikia, yuko kwenye meli nyingine, yenye rangi nyingine. Laana imfuate huko huko.

Mabaharia wetu sita walifukuzwa, Uriam wa kwanza. Miezi miwili hakukanyaga kwa Bauro, na wakikutana kanisani aliangalia pembeni. Kisha Jumamosi moja asubuhi akaja. Hakutania. Alikaa kwenye mkeka, akala alichopewa, akakunja miguu.

"Naomba mtumbwi wako na mashine yake."

Huo mtumbwi Bauro alikuwa ameujenga miaka minne, kila likizo ubao mmoja. Aliuangalia pale mchangani ulipolala. Kisha akainuka akaenda kuufungua kamba.