Mtutu Tulioukata

Nyie mliokulia Ugalla enzi zetu mtakumbuka tulivyokula matunda ya furu mpaka ndimi zikawa nyeusi, na masega ya asali tuliyotafuna njiani tukienda shule. Kwetu kulikuwa na gobore la baba, refu kuliko mimi niliyekuwa darasa la nne. Alikuwa na kibali cha kulindia mahindi, na kazi yangu ilikuwa kulifuta vumbi.

"Mtutu huu si mrefu kwa mapambo," alikuwa akisema. "Baruti inawakia humu ndani, inaisukuma risasi mpaka mwisho. Ukiukata, risasi inatoka haijapata nguvu yake."

Siku moja baba alienda Mpanda kuuza asali. Mdogo wake, baba mdogo Kaspari, alikuwa amechoka kulibeba gobore kwenye baiskeli, kila mara linanasa kwenye matawi. Akatoa msumeno wa chuma.

"Selina, shika hapa. Usitikise, fundi wangu."

Nikashika. Maneno ya baba niliyakumbuka vizuri, ila nilipenda mno kuitwa fundi. Tukaukata mtutu, ukabaki karibu nusu.

Asubuhi yake nguruwe pori wakaingia shambani. Baba mdogo akafyatua. Ule mlio sijausikia tena maishani, na moto uliruka mdomoni mwa mtutu kama umemwagiwa petroli. Lakini risasi ilimchubua tu dume mmoja begani. Akageuka, akamjia baba mdogo mbio, akamchana paja.

Baba aliporudi alilishika lile gobore, akapitisha kidole palipokatwa.

"Nani alikusaidia?"

"Nilikata peke yangu, kaka," akajibu baba mdogo, amelala kwenye mkeka.

Baba akanigeukia. "Na wewe ulijua?"

"Hapana, baba."

Baba amekufa akiamini hivyo.

Siku hizi wanangu wanawinda kwenye simu, wamejilaza kwenye kochi, na bunduki zao haziishiwi risasi. Nawacheka. Lakini wakikosana wanaambiana yote palepale, jioni wanakula sahani moja. Hapo nawaonea wivu. Sisi tulijua kupanda miti, kurina asali na kukaa kimya.

Baba mdogo hupita kwangu Majengo kila Jumapili baada ya misa, anachechemea. Nikimwona kwa mbali nainuka, nakaa, nainuka tena, nateleka chai. Tunaongea habari za mvua. Akimaliza kikombe anaaga, na mimi namsindikiza mpaka barabarani, nimefungua mdomo, sijasema kwamba nilijua.