Nzuri ya Mzee

Mzee aliyenifundisha kununua samaki hakuwahi kumwita samaki yeyote bora. Alikuwa mkuu wa manunuzi katika kiwanda cha minofu ya sangara hapa Mwanza, na kabla ya hapo alifundisha hesabu sekondari kwa miaka mingi. Boti za barafu zikifika kutoka visiwani alishuka mwenyewe gatini, akafunua matamvua, akabonyeza nyama kwa kidole gumba, akanusa, ndipo atamke. "Huyu ana nafuu." "Huyu wa kawaida." Na mara chache sana, kwa sauti ya chini, "Huyu mzuri." Akishasema mzuri, ubishi umekwisha. Niliona wanunuzi wa viwanda vingine wakichukua mzigo bila hata kuinua kifuniko, mradi wamesikia neno hilo limetoka kwake.

Wavuvi walimnung'unikia. "Mzee, hata huyu si bora?" Naye alijibu vilevile siku zote: "Bora ni Mungu. Huyo ni samaki." Waliosoma kwake wanasema darasani alikuwa hivyohivyo: mia ni ya Mungu, tisini ya mwalimu, kuanzia themanini kushuka chini ndiyo mgombanie. Mimi nilicheka kama wenzangu. Sikujua kwamba siku moja na mimi nitawekwa mezani pake.

Nilikuwa mtu wa Nansio niliyevuka ziwa kuja kutafuta kazi, na tangu nitoke chuo sikuwa na bosi mwingine. Alinifundisha kila kitu. Lakini nilikuwa nimechoka kuona samaki wetu wakipangiwa bei na watu ambao hawajawahi hata kunuka samaki mikononi, na nikataka kujua wanayoyajua wao. Nikaipata shule ya biashara ng'ambo, shule moja tu, yenye ufadhili kwa watu wa kwetu. Niliitaka shule ile mpaka nikawa naiota. Kuingia kulitaka mtihani, na mtihani ulikuwa Dar es Salaam, kwenye chumba chenye baridi kuliko ghala letu la barafu.

Hesabu nilizimudu. Kiingereza ndicho kilichonizamisha: habari ndefu za ndege wa nchi za theluji na sheria za wafalme waliokufa zamani, na saa pembeni ya kioo inapungua tu. Ukimaliza, kompyuta inakutolea alama hapohapo, bila hata pole. Alama zenyewe sitazitaja, aibu nyingine zina haki ya kuzikwa. Itoshe kusema kwamba waliopokelewa shule ile walikuwa juu yangu, tena mbali.

Rafiki yangu mhasibu, mwanamke wa Bukoba aliyewahi kusoma ng'ambo na ambaye hana subira na mtu mnyonge, alinikuta ofisini nikijifuta machozi.

"Alama ndogo siyo msiba, mwenzangu," aliniambia. "Omba hivyohivyo. Ila sasa mzigo wote anaubeba mtu wa kukupendekeza. Utamwomba nani?"

"Mzee."

Alivuta kiti akakaa. "Basi mwambie akusifie mpaka yeye mwenyewe aone haya. Kule wakisoma kwamba wewe ni mzuri, wanaelewa hufai. Mwambie wazi. Umesikia?"

Nilisikia. Hilo ndilo linaloniuma, kwamba nilisikia vizuri kabisa.

Jumapili nikaenda kwake Buhongwa baada ya ibada. Mama wa nyumba alitupa chai na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa juani kisha kuchemshwa, na mzee akafuta miwani yake akinisikiliza mpaka mwisho. Nilimwambia kuhusu mtihani, nikamwomba anipendekeze. Hakunilaumu. Akauliza swali moja tu.

"Wanataka niseme ukweli wangu?"

"Ndiyo, mzee."

Pale ndipo mahali pa kusema. Maneno ya rafiki yangu nilikuwa nayo ulimini. Lakini binti anamwambiaje mtu anayemwamkia shikamoo kwamba nisifie, tena zidisha? Unamwambiaje mwalimu alama za kukupa? Nikajificha nyuma ya methali: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikatafuna michembe nikajiona nina adabu. Na mimi ndiye niliyesimama gatini miaka yote ile nikiona kwamba samaki mwema hajiuzi hata siku moja, anauzwa na neno la mzee.

Kazi ile aliifanya kwa heshima zote. Asubuhi moja hakushuka gatini, jambo ambalo hatukuwahi kuliona, akajifungia na kompyuta ya ofisi mpaka karibu na chakula cha mchana. Alipotoka alinipita kwenye korido, akanigusa bega. "Nimekufanyia kitu," alisema, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo hakuzoea kuionyesha kazini.

Walinikataa. Barua pepe fupi, yenye adabu. Shule ile ina utaratibu wa kumpigia simu aliyekosa akitaka kujua alipokwama, nami nikataka. Mama mmoja wa ofisi ya udahili, mwenye sauti ya upole, alinieleza kwamba alama zangu ziliwatia wasiwasi, lakini wamewahi kuwachukua watu wenye alama kama zile.

"Kwa mtu wa namna hiyo," alisema, "huwa tunatafuta sauti ya kumtetea kwa nguvu zote. Ukiomba tena mwakani, jaribu kutafuta mtu anayekufahamu vizuri zaidi."

Nilimshukuru. Kisha nikatoka nje nikakaa kwenye mawe ya nyuma ya kiwanda, nikitazama kivuko cha Ukerewe kikisogea. Duniani hapakuwa na mtu aliyenifahamu vizuri kuliko yule mzee. Mama yangu mwenyewe hajui ninavyofanya kazi.

Nilikwenda Buhongwa kumpa habari nikiwa na hasira, sifichi. Nilikuwa nimepanga kumuuliza aliandika nini. Hakunipa nafasi.

"Ni ule mtihani," alisema kabla sijakaa. "Pole sana, mwanangu. Mimi upande wangu sikukubania. Walikuwa na visanduku vya kuchagua, kila jambo na visanduku vyake. Uaminifu, akili, kuongoza watu. Kisanduku cha juu kabisa nilikiacha, unajua ni cha nani. Kinachofuata ni cha mtu aliyekwisha kumaliza safari yake. Wewe nikakupa cha tatu, mwanzo mpaka mwisho. Nzuri." Alivua miwani. "Sijawahi kumpa mtu. Hata hawa watoto wangu wa kuwazaa sijawapa."

Macho yake yalikuwa na maji. Hasira yangu ikakosa pa kukaa. Ziwa zima, kuanzia Nansio mpaka huku kwetu, lilijua uzito wa neno lile kwenye kinywa chake, na nilijua kwamba nimepewa kitu kikubwa kuliko shule yoyote. Na nilijua pia kwamba ndicho kilichoninyima shule. Nililia, naye akadhani nalilia mtihani.

"Mwakani ukiomba, nipo," alisema. "Nitakupa ileile. Sitapunguza hata kidogo."

"Asante, mzee."

Rafiki yangu alinisukuma nitafute mtu mwingine. Hakukosekana: mkuu wetu wa mauzo, kijana wa Dar, ambaye kwake hata chapati ya kantini ni bora kabisa. Ningemwomba, angeandika kabla chai haijapoa. Lakini Mwanza ni ndogo, na mzee angesikia, na angeuliza amekosea wapi. Ningelazimika kumwambia kwamba kitu cha thamani kuliko vyote alivyowahi kunipa, wenzetu walikiona takataka. Sikuweza. Nikaacha mwaka upite, na mwingine, na sasa umri wa ufadhili ule umenipita.

Amestaafu, anafuga kuku, na macho yake hayaoni vizuri. Mimi nimekaa kwenye kiti chake. Ningemwambia ile Jumapili ya kwanza, kwa sentensi moja tu ya heshima, angeelewa. Alikuwa mwalimu, aliwaelewa watu wagumu kuliko wale wa ng'ambo. Sikumpa nafasi hiyo, na majuto yake ninayo kila ninaposhuka gatini.

Kitabu changu cha kujisomea mtihani nilishakigawa. Mzee hajui. Wiki iliyopita alinipigia simu, na baada ya salamu akauliza kama anavyouliza siku zote.

"Mtihani unaendeleaje?"

"Bado nausoma, mzee."

"Komaa nao, mwanangu," alisema. "Upande wangu usiwe na wasiwasi."