Leseni kwa Jina la Shirleen

Mwalimu Wandera alifundisha jiografia Mweiga kwa miaka thelathini na minne. Alitoka Samia, upande wa Busia, akiwa kijana aliyedhani baridi ya Nyandarua ingemrudisha kwao kabla muhula wa kwanza haujaisha. Haikumrudisha. Alimuoa Nasirumbi, msichana wa kwao, akamleta huku, na baada ya miaka mingi ya kupanga nyumba wakanunua kipande cha shamba wakapanda viazi kama majirani zao. Binti yao wa pekee, Shirleen, alizaliwa hapo. Alicheza kwa Kikuyu, akasoma kwa Kiingereza, na Kisamia akakijua kwa kiasi cha kusalimia na kuomba maji ya kunywa.

Jambo hilo halikumsumbua Wandera mpaka siku ile daktari mmoja wa Nyeri alipovua miwani, akaiweka juu ya faili na kumweleza kwamba saratani ya ini ilikuwa imeshasambaa.

"Tunaongea juu ya miezi, Mwalimu. Si miaka."

Wandera alimshukuru kwa adabu, akatoka. Nje, watu walikuwa wakichagua viatu vya mitumba huku wakicheka na mwuzaji. Alisimama akiwatazama, na kitu kilichomjia akilini hakikuwa kifo chenyewe. Alijiona akizikwa Samia, na Shirleen amesimama katikati ya boma lililojaa watu wake asiowajua. Wangemkumbatia na kulia begani mwake, naye asingejua kama huyu ni senge, dada wa baba yake, au ni jirani aliyekuja kula matanga.

Kesho yake, baada ya chai ya asubuhi, aliketi mbele ya ile kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu Nasirumbi, akaanza kuandika. Aliandika nani alimzaa nani. Aliandika ni nani waligombania mpaka na ni nani waliosuluhishwa, kaburi la babu liko upande gani wa boma, na ni mjomba yupi hupenda kusalimiwa kwanza. Aliandika kwa vidole viwili, polepole, kama mtu anayepanda mbegu moja moja.

Wandera hakumwambia Shirleen kitu. Alikuwa na sababu yake. Nasirumbi alipougua, miaka sita iliyopita, Shirleen aliacha chuo ikiwa imebaki mihula miwili tu. Alimwogesha mama yake, akamlisha, akamgeuza kitandani, hadi mwisho. Kisha alikaa nyumbani miaka miwili akiwa hana nguvu hata ya kufungua daftari. Sasa alikuwa amemaliza masomo, alisimamia wafanyakazi katika shamba la maua huko Timau, na alikuwa ameanza kucheka tena kwenye simu. Wandera hakutaka kumng'oa mara ya pili.

Shida ikaja kutoka kwa kompyuta. Kwa muda mrefu ilikuwa ikimwandikia kwenye skrini kwamba Windows yake imezeeka na haipokei kinga tena, naye alikuwa akiifunga ile taarifa bila kuisoma. Siku moja ikaganda. Alipoiwasha upya, kurasa mbili za asubuhi hiyo hazikuwepo. Wandera aliweka mikono mapajani, akakaa hivyo mpaka ng'ombe wa jirani walipopita kwenda kukamuliwa.

Alibeba sipiyu, lile sanduku la kompyuta, mpaka Nanyuki, kwa Anab. Anab alikuwa mwanafunzi wake zamani, wakati baba yake Abdikarim alipokuwa akinunua ng'ombe Mweiga. Siku hizi alikuwa na duka la kompyuta, la kwake mwenyewe, na alisifika kwa kutomdanganya mteja. Alipomwona mwalimu wake alitoka nyuma ya kaunta, akampokea mzigo, na macho yake yakatulia kidogo kwenye kola ya shati iliyokuwa pana kuliko shingo.

"Mwalimu, umekonda."

"Ni uzee. Nitazamie hii kitu."

Anab aliifungua, akaipuliza vumbi, akaikagua.

"Hii haiwezi kubeba Windows mpya, Mwalimu. Niko na bodi na prosesa nzuri naweza kukuwekea humu ndani, na faili zako zote zitabaki. Lakini ile leseni ya zamani ilikuja na mashine kutoka kiwandani, imeshikana na bodi. Nikitoa bodi, na leseni imeenda. Lazima tununue ingine."

"Basi tununue."

"Ndiyo, lakini kuna aina." Alivuta kiti, wakaketi kama walivyoketi zamani, ila sasa mwalimu alikuwa yeye. "Kuna zile watu wanauza kwa simu, bei ya kutupa. Hizo ni za maofisi, mtu ameiba akagawa. Inaweza kuzimwa siku yoyote. Sikuwekei hiyo. Halafu kuna ya kushikana na mashine, kama ile yako ya kwanza. Itakaa na hii bodi mpaka bodi ife, na ikifa, zimekufa zote mbili. Halafu kuna ile kamili. Ni ghali, lakini inahamishika. Unaitoa kwa hii mashine, unaipeleka kwa ingine, bora tu isitumike mahali pawili."

Wandera alipapasa kikaratasi kilichokuwa mfukoni mwake.

"Kusema ukweli," Anab aliendelea, "wewe unaandika tu hapo nyumbani. Chukua ya kushikana na mashine. Itakutosha maisha yako yote."

Alilisema kwa nia njema, akitaka kumwokolea pesa. Wandera alitabasamu, lakini tabasamu lilikataa kukaa usoni.

"Hiyo ndiyo shida yake," alisema. "Nipe inayohamishika."

Anab hakubisha. Aliuliza anwani ya barua pepe, kwa kuwa leseni ya namna hiyo hufungwa kwa akaunti ya mtu. Wandera alimtajia ya Shirleen, akiisoma kwenye kikaratasi.

"Lakini mashine ni yako, Mwalimu."

"Andika ya Shirleen."

Vidole vya Anab vilisimama juu ya kibodi. Alimtazama tena kola, kisha mikono, kisha ile rangi ya manjano iliyokuwa imeanza kuingia kwenye weupe wa macho.

"Anajua?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Bado. Na usimwambie."

"Sitamwambia. Lakini Mwalimu, usimfanyie hivyo."

Wandera hakufikiria kwamba kompyuta yenyewe ingemsema. Jioni hiyo hiyo, kabla hajafika hata kuichomeka, simu ililia.

"Baba, nimepata ujumbe ati nimenunua leseni ya Windows. Nilidhani ni wakora, kumbe ni duka ya Anab. Nimempigia, ananiambia tu nikuulize."

"Ni zawadi. Nimetengeneza kompyuta."

"Kompyuta iko kwako. Mbona leseni iko kwa jina langu?"

Alikuwa na uongo mwingi aliouandaa, lakini hakuna hata mmoja uliohusu leseni.

"Hii ni ile nzuri," alisema. "Inahamishika."

Upande wa pili kulikuwa na sauti za wasichana wakimaliza zamu, kisha mlango ukafungwa.

"Inahamishika kwenda wapi, Baba?"

Wandera aliibana simu sikioni. Alimsikia akivuta pumzi kwa nguvu, kama alivyofanya utotoni akijizuia kulia mbele ya watu.

Shirleen alifika kesho yake. Hakulia. Alikuwa na hasira, akasafisha jikoni kote, akagonga sufuria dhidi ya sufuria, mpaka alipoikuta bahasha ya hospitali nyuma ya kopo la majani ya chai.

"Tangu Februari!" alisema. "Miezi mitatu! Nimekuwa nikikupigia kila Jumapili nikikuelezea mambo ya maua!"

"Nilipenda kusikia mambo ya maua."

"Ulinihurumia. Nani alikuambia nataka kuhurumiwa? Nilikaa na Mama kwa sababu nilitaka. Hiyo miezi na yeye, mimi siwezi kuibadilisha na cheti yoyote. Wewe umeninyima yako."

Wandera alikuwa amemkinga mtoto wake kwa nguvu zake zote, na sasa aliona kwamba alichomkinga nacho ni baba yake mwenyewe. Alimwomba msamaha. Hakuwa amewahi kumwomba mtoto wake msamaha, na hakujua pa kuweka macho.

Shirleen alichukua likizo. Kila asubuhi alikaa mbele ya kompyuta, baba yake kwenye kiti kando, amefunikwa blanketi, akitamka majina naye akiandika. Baba alimrekebisha matamshi. Wakati mwingine walicheka, kama walipofika kwenye habari za mjomba aliyeoa mara mbili siku moja. Lakini mgongo wa Wandera ulizidi kukataa kukaa, na mwezi Juni ikabidi alazwe Nyeri.

Anab alikuja kumwona wodini akiwa na maziwa kwenye chupa ya chai. Shirleen alikuwa na laptopu kuukuu ya kazini, yenye nakala ya kurasa zao, aliyouziwa ikiwa haina leseni, inayozimika ovyo ovyo.

"Kuna njia," Anab alisema, akamtazama Wandera kana kwamba anaomba ruhusa. "Naweza kutoa ile leseni kwa mashine ya nyumbani nikaweka hapa. Muandike mkiwa hapa hapa."

Wandera alitikisa kichwa kukubali. Alikuwa amelilipia jambo hilo lifanyike siku ambayo asingekuwepo. Sasa alilala akitazama wasichana wawili wameinamia skrini pembeni mwa kitanda chake. Mmoja alisoma tarakimu kwa sauti, mwingine akazibonyeza, na kule Mweiga ile mashine ikaachwa bila leseni. Haikuchukua hata dakika kumi. Alishangaa ilivyokuwa haraka.

"Imekubali," Shirleen alisema, na hapo ndipo alipolia, kwa mara ya kwanza tangu arudi. Wandera alimshika kiwiko, kwa kuwa mkono wake haukuweza kufika mbali zaidi.

Waliandika siku nyingine tisa. Siku ya kumi Wandera alitamka jina la mwanamke mmoja, akasahau la mume wa mwanamke huyo, akasema watalitafuta kesho. Alifariki alfajiri ya kuamkia kesho hiyo.

Samia, mambo yalikwenda kama alivyotaka, karibu yote. Shirleen alimjua senge Taaka kwa kovu la paji la uso, akamwita kabla hajatambulishwa, na boma zima likapiga yowe la mshangao katikati ya kilio. Alijua nani wa kusalimia kwanza. Alijua kaburi la babu yake liko upande gani.

Kisha akaja bibi kizee mmoja mwenye fimbo, peke yake, akalia kuliko wote. Alimshika Shirleen uso kwa viganja viwili, akamsemesha kwa Kisamia cha haraka, kirefu, kilichojaa jina la Wandera. Shirleen alitafuta kichwani mwake kurasa zote alizoziandika. Hakumpata.

"Nisamehe, kukhu," alisema, akimwita bibi kwa Kisamia. "Sikujui."

Bibi yule alimpangusa machozi kwa pembe ya leso yake, akaenda kuketi na wanawake kando ya jiko. Shirleen alipomaliza kupokea mikono ya watu na kwenda kumtafuta, alikuwa ameshaondoka. Aliwauliza masenge zake. Mmoja alisema ni yaya aliyemlea baba yake, mwingine akakataa kabisa, na wa tatu akasema hakumwona.