Mkasi kwenye Sanduku la Mastura

Sanobar aliolewa katika mji wa Margilan akiwa na miaka kumi na tisa, na kwa miaka kumi na miwili alishika kila kitu katika nyumba ya mama mkwe wake isipokuwa ufunguo wa sanduku la vitambaa. Unga aliushika yeye, na mafuta. Alioka mikate ya juma zima kwa moto mmoja; tanuri likianza kupoa, alitumbukiza maboga, na likipoa zaidi alitia birika la maji ya kuwaogeshea watoto. Mkate uliokauka ulivunjwavunjwa kwenye supu, maana mkate hautupwi. Mumewe, Tolkin, alikuwa fundi bati, mtengeneza mabomba ya majiko, na mwaka wa fundi kama huyo ni miezi miwili tu ya vuli, kwa kuwa watu hukumbuka jiko pale baridi inapobisha hodi. Alichokipata katika miezi hiyo ndicho kilichonunua makaa ya mawe ya kuvukia majira ya baridi.

Sanduku, hata hivyo, lilikuwa la mama mkwe huyo, Mastura. Ndani yake vilikaa vipande ishirini na tatu vya kitambaa ambavyo hakuna aliyefikiria kuvishona. Vililetwa na wageni siku za harusi, siku za tohara, siku mtoto alipolazwa kwenye susu, kitanda chake cha kubembea, kwa mara ya kwanza, na vilingoja kupelekwa kwenye harusi, tohara na susu za wengine. Ndivyo watu wa mtaa ule walivyoweza kwenda kwenye karamu zote za mwaka bila kufilisika. Sharti lilikuwa moja: kitambaa kisirudi kwa aliyekileta. Ukimrudishia mtu kitambaa chake, umemwambia mbele za watu kwamba zawadi yake hukuitaka. Ndiyo maana kila kitambaa kilibanwa kwa pini kikaratasi chenye jina la aliyekileta.

Vuli hiyo Mastura alimkabidhi Sanobar ufunguo. "Macho yangu yamechoka," alisema. "Kuanzia leo nyumba nzima iko mkononi mwako. Usiniaibishe."

Jambo la kwanza alilofanya Sanobar kwa ufunguo ule lilikuwa la busara, na ndilo lililomponza. Aliona pini zimeanza kushika kutu, na kutu ikiingia kwenye hariri haitoki. Akavitoa vitambaa vyote, akavianika kwenye kitanda cha uani chini ya mzabibu, akachomoa pini, na kila kikaratasi akakilaza juu ya kitambaa chake, akakikandamiza kwa kokwa la aprikoti. Kisha akaingia kutazama mikate.

Aliporudi, binti yake Nigora, mwenye miaka mitano, alikuwa ameketi katikati ya vitambaa, na mapajani ana rundo la vikaratasi.

"Mama, nimekusaidia," Nigora alisema. "Uchafu wote nimeuokota."

Sanobar hakumgombeza. Alisimama mikono ikining'inia, akatazama rangi zile zote, na zote zikamtazama kama wageni waliosahau wamekuja kwa nani.

Keshokutwa yake Bi Kumri alikuwa anamwoza binti yake wa mwisho. Bi Kumri alikuwa mama mkwe wa Dilfuza, na Dilfuza alikuwa binti wa Mastura, wifi yake Sanobar. Kwa nyumba kama ile huendi na chochote tu, na kwenye sanduku vilivyofaa vilikuwa viwili: mahameli ya kijani na hariri ya zambarau. Kimoja kati ya hivyo alikileta Bi Kumri mwenyewe siku ya susu ya Nigora. Hilo Sanobar alilijua kwa hakika. Kipi, hakujua.

Akikosea, masimango yangemwangukia Dilfuza, tena kwa miaka. Akienda sokoni kununua kipya cha hadhi hiyo, nusu ya makaa imekwenda.

Akaenda kwa jirani, Robiya, ambaye hakuna karamu iliyompita.

"Dada Robiya, siku ya susu ya Nigora, Bi Kumri alileta kitambaa gani?"

"Kijani," Robiya alijibu papo hapo, huku akimenya karoti. "Alikaa karibu na mlango, akamaliza peke yake pilau ya watu watatu."

"Una hakika?"

"Kama ninavyokuona wewe." Kisu kikasita. "Ngoja. Kijani nilileta mimi."

"Wewe ulileta sufuria."

"Sufuria si ilikuwa ya tohara?"

"Tohara ya nani, dada? Mimi nina mabinti watupu."

"Basi kuna mtu nilimpa sufuria bure! Lakini kile kijani kiliwahi kuwa changu, nakuapia. Kina doa la chai kwenye pembe. Nilikipata kwa mke wa mwoka mikate, nikampa… sijui nilimpa nani."

Wakaenda pamoja kukagua pembe zote nne. Doa halikuwepo.

"Basi hiki ni kijani kingine," Robiya akasema, akaondoka zake akiwa na furaha, kama mtu aliyemaliza kazi.

Jioni Tolkin alirudi na mikwaruzo ya bati viganjani. Sanobar alimweleza huku akimmiminia chai.

"Toa chochote," Tolkin akasema. "Kitambaa ni kitambaa."

"Na dada yako akisemwa mpaka wanawe waote ndevu?"

"Basi nunua."

"Kwa hela ya makaa?"

Tolkin akajikuna shingo. "Basi usinunue," akasema, akaona ameshauri vya kutosha.

Asubuhi Sanobar alikwenda sokoni na sehemu ya fedha ya makaa ndani ya soksi. Muuza vitambaa alimkunjulia hariri iliyometa kama maji, akamwita dada, akamwita malkia, na alipoona mkono wake hauendi popote, akamwita mpotezaji wa muda. Hakununua. Njia nzima ya kurudi hakujua kama amefanya vyema au amezidisha kosa. Alikuwa amezoea kujua. Unga ukipungua, unapunguza. Mtoto akikua, unashusha upindo wa gauni. Hili halikuwa na upande wa kulishikia.

Akaingia ndani, akaketi mbele ya mama mkwe wake, akasema yote: pini, makokwa, Nigora, soko.

Mastura akavivuta vile vitambaa viwili, akavipapasa kimoja baada ya kingine.

"Mama, cha Bi Kumri ni kipi?"

"Na mimi najuaje?"

"Si vilikuwa na majina?"

"Mwanangu," Mastura akasema, akiutazama mlango kwanza, "vikaratasi vile nimekuwa nikivibana kwa kubahatisha tangu mwaka juzi. Vilianguka, macho hayaoni, kumwuliza mtu nikaona haya. Kumri mwenyewe nilimpelekea cha rangi ya maziwa, na huenda kilikuwa chake. Alinitazama! Mpaka leo sijui alinitazama vipi."

Sanobar alitaka kucheka. Kama majina yenyewe yalikuwa ya uongo, yeye alikuwa amepoteza nini jana? Na ile aibu waliyoiogopa, ilikuwa imeshakuja ikapita bila mtu kuiona, au bado ilikuwa njiani? Alijaribu kulifikiri hilo toka mwanzo hadi mwisho, akapotea katikati.

Akasikia sauti yake ikisema, "Mama, tukivikata je?"

"Kukata? Kitambaa cha sanduku?"

"Tushone mfarishi wa kukalia. Mstari wa kijani, mstari wa zambarau, hapo hakuna aliyerudishiwa chake. Pamba tutatoa kwenye mito ya zamani."

"Ukikikata hakizunguki tena. Kimekufa."

"Kwani kinachozunguka bila kuvaliwa ndicho kiko hai?"

Mastura alikuwa na sanduku lile kwa miaka arobaini. Akasema, "Lete mkasi upesi, kabla akili haijanirudia."

Walichambua pamba kwa fimbo uani mpaka wakawa weupe nyusi. Robiya alikuja kutazama, akabaki kushona, na kila mshono aliulaumu. "Mnaharibu mali ya watu," alisema. "Nipitishieni uzi."

Kwenye harusi zawadi zilikunjuliwa mbele ya wanawake wote. Bi Kumri, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, alishika mfarishi, akaugeuza. Kijani, zambarau, kijani. Akamtazama Mastura, kisha Sanobar.

"Mmekata," akasema.

"Tumekata," Mastura akajibu.

Bi Kumri akaukunja mara mbili. Hakuuweka kwenye rundo la bibi harusi. Akaubana kwapani, akaenda nao chumbani kwake.

Sanobar aliosha mabakuli kama mtu anayengoja hukumu, hadi Dilfuza alipokuja kujaza birika.

"Wifi, mmenifanyia nini?"

"Amekasirika?"

"Sijui! Ameukalia. Anasema kitambaa kimoja kilikuwa chake."

"Kipi?"

"Nimemwuliza. Anasema akikaa upande huu anaona ni kijani, akihamia ule anaona ni zambarau. Halafu akacheka. Au alikohoa, mlango ulikuwa umeegeshwa." Dilfuza akasogea karibu. "Ila ameniagiza chai, na ameniita mwanangu. Miaka saba niko humu, sijaitwa hivyo."

"Hiyo ni heri au shari?"

"Wewe ndiye msomi wa sanduku, niambie," Dilfuza akasema, akaondoka na birika, akitembea kwa tahadhari kama aliyebeba mayai.

Alasiri Sanobar na Mastura walirudi nyumbani kwa miguu kando ya mfereji.

"Sasa," Mastura akauliza, "tumeaibika au hatujaaibika?"

"Sijui, mama."

"Hata mimi." Akashika mkono wa Sanobar ili avuke mtaro. "Kesho agiza makaa yote."