Dirisha la Bafu

Kinyozi alifunga saluni yake mama yake alipopooza upande mmoja. Dada yake ameolewa mbali na wamezaliwa wawili tu, kwa hiyo hapakuwa na mjadala: alihamia kwa mama na sanduku lake moja.

Mama alikuwa na adui mmoja, baridi. Madirisha yote yafungwe, hata la bafuni, lililopakana na chumba chake. Kila asubuhi Kinyozi alimwogesha kwa maji ya moto, mvuke ukajaa na kukosa pa kutokea. Haikuchukua muda, mistari ya saruji kati ya vigae ikageuka kijivu, kisha nyeusi ti. Akapiga magoti na mswaki mkuukuu na sabuni ya unga, akasugua mpaka vidole vikafa ganzi. Akimaliza kona hii, ukungu unachipua ile.

"Mama, nifungue kidogo tu, hewa ipite."

"Unataka nimonia inimalize, upumzike?"

Kinyozi akarudi kusugua vigae. Maneno yalimchoma, kwa kuwa wazo hilo lilishawahi kumpitia kichwani.

Dada alipokuja kusalimia, alisimama mlangoni mwa bafu akaziba pua. "Kaka, nyumba inanuka uvundo. Mama anakohoa hivi na wewe upo?"

"Ndiyo shida yenyewe. Nipo tu."

Dada akaingia, akalisukuma dirisha. Kinyozi akasubiri kelele. Mama akavuta shuka, akasema kwa upole, "Kahewa kazuri, mwanangu."

Kinyozi akaenda kukaa uani. Hakujua acheke au alie.

"Mbona kwangu amekubali?" dada akamuuliza.

"Wewe utaondoka."

Kweli akaondoka, na jioni hiyohiyo mama akasema, "Funga hilo."

Tangu hapo Kinyozi akaanza kuiba hewa. Akishamrudisha mama kitandani na usingizi ukimchukua, anauvuta mlango wa bafu, anafungua dirisha taratibu, anafuta vigae kwa kitambaa mpaka vikauke. Weusi ukapungua, kikohozi nacho kikatulia. Mama akasema ni dawa alizoleta dada.

Asubuhi moja, dirisha la bafu likiwa wazi, mteja wake wa zamani alipita chini yake, nywele zimemfunika masikio.

"Fundi, unafungua lini?"

"Karibuni."

"Mwaka jana pia ulisema karibuni."

Mama akaita kutoka chumbani. Kinyozi akalirudisha dirisha polepole, lisilie, akaenda.