Mlango wa Kiini na Sare ya Harusi

Nnasomesha bayolojia skuli moja ya Amani, na kila mwaka nikifika kwenye kiini cha seli nnashikwa na kichefuchefu. Somo lenyewe halina kosa. Kosa ni langu, na la mwalimu mwenzangu mmoja mwenye uso mkavu, ambaye mpaka leo nikimwona chumba cha walimu anatafuna andazi, chai yangu hainishuki.

Kiini ni chumba cha ndani cha seli. Humo vinasaba vimehifadhiwa, yaani maelekezo ya mwili. Nje yake kuna saitoplazimu, ule ute ambamo kazi nyingi za seli hufanyika. Baina ya viwili hivyo pana utando wenye vitundu, na hapo ndipo penye mambo. Vitu vidogo vidogo hupenya wenyewe, haviombi ruhusa. Protini kubwa haipiti mpaka iwe na alama yake. Protini nyengine, mbebaji, huitambua alama ile, hushikana nayo, huipitisha kwenye kitundu, na zikishafika ndani huiachia. Isiyokuwa na alama wala mtu wa kuibeba hubaki nje.

Miaka mingi nilikuwa nnawafahamisha wanafunzi kwa mfano wa harusi. "Nyie hamjaona siku ya hina?" nnawauliza. "Watoto wanapita chini ya mikono ya watu, hapana anayewasemesha. Lakini jimama zima bila ya sare litaingia wapi?" Darasa zima hucheka. Na mimi nnacheka, nnajiona mwalimu kwelikweli.

Ikafika zamu ya binti wa kaka yangu kuolewa. Akawekwa ndani kwenye nyumba yetu ya zamani Mji Mkongwe, anasuguliwa singo, ule mchanganyiko wa manjano na viungo wa kulainisha ngozi, anangoja siku ya hina. Mtoto yule ana haya tangu mdogo. Aliniomba kitu kimoja tu: "Shangazi, simu zisiingie humu. Sitaki mtu anione hivi kabla ya mume wangu." Nikamwambia, "Lala usingizi. Mlangoni ntakaa mimi."

Siku mbili kabla ya siku hiyo, yule mwalimu mwenzangu akaja kunibembeleza. "Hebu nipe na mie kanga ya sare, nije kuona mambo ya mjini." Mtu huyo kazi yake kurusha picha mtandaoni: kala nini, kavaa nini, kakanyaga wapi. Mdomo wangu ukaona haya kumkatalia. Nilikuwa na doti mbili, nikampa moja. Lo! Mkono huu huu.

Siku ya hina, baada ya alasiri, nikasimama mlangoni mwa chumba, nimejifunga mkaja kiunoni, na kikapu cha kuwekea simu miguuni. Wa kwanza kunijia alikuwa bibi mmoja kutoka Makunduchi, kavaa kanga yake ya kila siku, iliyofifia, na kifurushi kimefungwa kwenye kitambaa. Nnamjua. Marehemu wifi yangu alipokosa maziwa, yeye ndiye aliyemnyonyesha bibi harusi. Ni mama yake wa kunyonya. Nikamwamkia, "Shikamoo." "Marahaba, mwanangu." Halafu nikamwambia, tena kwa sauti ya darasani: "Bi, leo hapiti mtu bila ya sare. Kaa hapo ukumbini." Akakaa mkekani.

Mara huyo akatokea mwenzangu, sare imemkaa, udi unanuka mpaka unakereketa koo. Nilitazama kanga tu. Kikapu hata sikukigusa. "Karibu, karibu!" Nikamshika mkono mwenyewe nikampitisha ndani, nikamwachia.

Hakukaa sana. Akatoka anajipepea, eti joto, akenda zake.

Hata chai haijagawiwa, simu yangu ikalia. Ndugu mmoja wa upande wa bwana harusi, yuko Kendwa, kaniletea video. Mtoto wetu kakaa chini, kanga imefungwa kifuani, mabega wazi, uso wote manjano ya singo, kafumba macho. Chini yake pameandikwa: "Bibi harusi anakolea masala," na vijiuso vya kucheka. Astaghfirullahi! Watu wazima, wengine wana mabinti, wanajibu, "Bado limau." Ptuu!

Na mimi nnajua, nnalisomesha hilo. Mbebaji haulizi nia, anatambua alama. Ndiyo maana viko virusi vyenye alama kama ile ile, na seli inavipitisha kwa mikono yake. Kutoka nako ni hivyo: vinasaba havitoki kiinini, hutoka nakala yao, nayo haipiti mpaka itengenezwe ikamilike na ipate wa kuivusha. Ikishafanya kazi huko nje, seli huivunja. Huyu bibi harusi alikuwa bado kakaa ndani na nakala yake iko Kendwa, na ile haivunjwi na mtu. Seli ina uungwana kutushinda sisi.

Nilimpigia yule mwanamke. "Ah, mzaha tu, bibi we," akanambia, na nnamsikia anatafuna.

Nikaingia chumbani. Habari ilishamfikia, wenzake walikuwa wamemzunguka. Singo ilikuwa imemkauka, machozi yameichora mistari.

"Nani alomtia ndani mwanamke yule?" akauliza.

"Mimi. Na sare nlompa mimi."

Nikachovya mkono kwenye bakuli nimsugue mgongo, kwani kumsugua ni kazi yangu mimi shangazi. Akajivuta.

"Usinishike, shangazi. Niitie mama yangu wa Makunduchi. Kaniletea salamu kuwa anakuja."

Nikatoka na mkono wangu una singo mpaka kiganjani, harufu yake imenikaa puani kama kitu kilichooza. Bibi alikuwa pale pale mkekani, kifurushi mapajani, hajui lolote.

"Bi, pita ndani. Anakwita."

Akaitazama kanga yake, akainyoosha kwa vidole.

"Mimi sina sare, mwanangu."